Kidole cha bibi na kipimajoto

Togwa, kinywaji cha uji uliolegezwa kwa kimea na kuachwa uchachuke, ikipikwa, ipo dakika moja ambayo mpishi wa Ilula, Makambako au Songea huijua bila saa. Uji umeteremshwa jikoni na bado unafuka. Kimea, yaani unga wa mbegu zilizooteshwa na kukaushwa, kipo kando kwenye bakuli. Mpishi anagusa ubavu wa sufuria: bado. Anaendelea na kazi nyingine, anarudi, anagusa tena: sasa. Kimea kinaingia, mwiko unazunguka, na uji uliokuwa umeusimamisha mwiko unalegea mbele ya macho yake.

Kati ya "bado" na "sasa" pana mada nzima ya vimeng'enya (vichocheo vya kikemia vya viumbe hai, Kiingereza enzymes), na shule nyingi za huku Nyanda za Juu Kusini zinaipita kila siku zikikimbilia mchoro wa kufuli na ufunguo ulioko kitabuni.

Maarifa ya jadi yakiingia shuleni huingia kama mapambo. Siku ya maonyesho vibuyu na vyungu vinapangwa mezani, mzee mmoja anaalikwa, anazungumza, anapigiwa makofi, anapewa soda, na kesho yake somo linaendelea kana kwamba hakuja. Au huingia kama orodha ya kukariri: taja faida tano za maarifa ya asili. Njia zote mbili zinamheshimu mzee mdomoni tu. Kumheshimu kisayansi ni kulichukua neno lake kama dai linalopimika, likubalike, lirekebishwe au likataliwe, sawasawa na dai la kitabu.

Kikwazo cha kwanza ni swali lenyewe. Mwanafunzi akimwendea mpika togwa na kumuuliza "kwa nini unasubiri ipoe?", atajibiwa "ndivyo tulivyofundishwa", naye ataondoka akiamini pale hapana maarifa, pana mazoea. Mfundishe aulize hivi: "Shikamoo bibi. Unajuaje kwamba sasa imefika?" Hapo atashikwa mkono, ataonyeshwa pa kugusa, ataambiwa kimea kikiwahi inakuwaje na kikichelewa inakuwaje. "Unajuaje" huleta ishara, na ishara inaweza kuwekewa kipimo. "Kwa nini" ibaki kuwa kazi ya darasa.

Daftari la somo liwe na safu nne: neno la nyumbani, ishara, kipimo, neno la kitabu. Shule ya msingi, ambako sayansi hufundishwa kwa Kiswahili, safu ya kwanza hujaa Kihehe, Kibena au Kinyakyusa na ya nne ni Kiswahili. Sekondari safu ya nne huwa Kiingereza, na mara nyingi hapo ndipo mwanafunzi anagundua kwamba neno lililokuwa likimtisha ni kitu anachokijua tangu anabebwa mgongoni.

Sasa kazi yenyewe. Anza na kimea, maana masomo mengi ya togwa hufia hapo.

Kwa darasa la wanafunzi 40 nusu kilo ya ulezi inatosha na kubaki. Nunua ulezi wa kula sokoni. Usinunue mbegu ya duka la pembejeo hata kama ni safi zaidi, kwa sababu mbegu za kupanda mara nyingi zimepakwa dawa, na rangi ile ya waridi au kijani iliyoko juu yake haitoki yote kwa kuosha. Pepeta, toa mawe, osha. Loweka kwa saa 12 hadi 24 na ubadilishe maji mara moja katikati yasianze kuchacha. Chuja, tandaza kwenye kitambaa kilicholowa ndani ya ungo, unene usizidi sentimita 2, funika. Nyunyizia maji asubuhi na jioni huku ukigeuza. Kyela, kwenye joto la ziwa, siku 2 hadi 3 zinatosha. Makete au Mufindi mwezi wa Julai inaweza kufika siku 5 au zaidi, na mwalimu asiyejua hilo huanika ulezi uliolowa tu, haujaota, kisha analaumu jaribio. Ishara ya kuacha: vijimizizi vimeanza kushikana, ukinyanyua ulezi unainuka kama mkeka mdogo.

Anika juani siku 2 au 3 mpaka mbegu zivunjike kwa meno, ndipo utwange au usage. Pima uzito kabla ya kuloweka na baada ya kukauka. Utapungua. Sehemu imepotea kwenye kuosha, lakini sehemu nyingine mbegu imeitumia yenyewe: imepumua, imechoma chakula chake, na kaboni imetoka ikaenda hewani. Mwanafunzi anayeamini kwamba kupumua ni kazi ya wanyama peke yao ana mizani ya kumjibu.

Makosa ya kimea ni matatu na yote yana sababu. La kwanza ni kukikausha juu ya jiko au kukikaanga kidogo "kiwe na harufu nzuri". Harufu kitapata, lakini vimeng'enya vitakuwa vimeharibika na uji hautalegea. La pili ni ukungu. Ukiona madoa ya kijani au meusi, mwaga chote, usichambue, maana sumukuvu haionekani kwa macho na haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. La tatu ni kutumia mtama badala ya ulezi bila tahadhari. Mtama unaoota hujenga sumu ya sayanidi kwenye machipukizi na mizizi. Wanaoutumia kwa desturi huuanika, wakausugua na kupepeta mizizi itoke, na hatua hiyo si ya urembo. Kwa shule, baki na ulezi.

Kabla ya kupika, kipimajoto kijaribiwe kwenye maji yanayochemka. Mbeya mjini, kwenye mita zipatazo 1,700, kitasoma karibu nyuzi 94, na darasa zima litasema ni kibovu. Si kibovu. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka kwenye joto lililopungua kwa takriban nyuzi 1, kwa sababu hewa inayokandamiza ni pungufu. Kyela utapata karibu 98, na vijiji vya juu vya Makete vinavyokaribia Kitulo 91 au 92. Ndiyo maana maharage ya huko yanakula kuni na ndiyo maana magadi hayakosekani jikoni: ubesi wake hulainisha ganda haraka. Magadi hayohayo huharibu vitamini B1, kwa hiyo yakiwa mengi chakula kinalainika na kupungua thamani. Hilo nalo ni jaribio, lakini tusiuache uji ukaungua.

Chukua maji lita 1.2 na unga wa mahindi gramu 140. Koroga unga kwenye maji baridi kwanza, kisha chemsha kwa dakika 15 ukikoroga. Gawa kwenye vikombe vitano vya mililita 200, uviite kwa herufi. A kitiwe kimea kikiwa na nyuzi 80 au zaidi. B kitiwe kwenye 50 hadi 55. C kiachwe kipoe kabisa mpaka joto la chumba ndipo kitiwe. D kiwe na nyuzi 50 hadi 55 lakini kisitiwe kitu. E kiwe na joto kama la B, ila kimea chake kiwe kimechemshwa kwanza kwa dakika 10 katika maji kidogo. Kipimo cha kimea ni kijiko kimoja cha chai cha kusawazisha, karibu gramu 3, kwa kila kikombe.

Watu wengi huacha E, nacho ndicho kinachobeba hoja. Bila E mwanafunzi mjanja atakwambia uji umelegea kwa sababu umeongeza unga wa aina nyingine, na hutakuwa na la kumjibu.

Mnato hupimwa bila mashine. Kata chupa ya maji upate pete yenye kimo cha sentimita 3. Iweke juu ya kigae laini, jaza uji, sawazisha juu, inyanyue wima. Baada ya sekunde 30 pima kipenyo cha uji uliotambaa, mara mbili kwa pande tofauti, chukua wastani. Fanya hivyo kabla ya kimea, kisha dakika ya 5, ya 10 na ya 20. Uji unaochotwa kila kikombe upozwe hadi joto moja ndipo upimwe, la sivyo utakuwa unalinganisha ubaridi. Uji wa wanga huganda ukipoa hata kama hakuna kilichotokea ndani yake, na kosa hili huharibu matokeo kirahisi.

B kitatambaa mbele ya macho. D na E vitakaa kama vilivyo. A kinaweza kulegea kidogo mwanzoni kisha kikagoma. C kitakwenda polepole. Usiishie hapo. Subiri A kipoe hadi nyuzi 50 na uone kama kitaamka, hakitaamka. Kisha C kipashwe moto polepole, kwa kukiweka ndani ya sufuria ya maji, hadi nyuzi 50, hiki kitaamka. Joto kali liliharibu, baridi ililaza tu. Tofauti ya kuharibika na kulala, ambayo mtihani huiuliza kwa maneno magumu, imeonekana kwenye vikombe viwili vya plastiki. (Vimeng'enya si viumbe hai, kwa hiyo neno "kufa" mwanafunzi asiliandike kwenye mtihani. Akilisema darasani mwache.)

Kisha rudi kwenye kidole. Chagua watu 20, wapishi wazoefu kadhaa na wanafunzi waliobaki. Kila mmoja aguse ubavu wa sufuria, kwa nje tu, na aseme "sasa" anapoona kimea kingeweza kuingia. Mtu mmoja anasoma kipimajoto kilicho katikati ya uji na anaandika kimyakimya. Asitokee wa kuchovya kidole ndani: uji hunata na huunguza kuliko maji, na mate na kucha havina kazi mle. Ukoroge kabla ya kila kusoma, kwa sababu pembeni hupoa mapema kuliko katikati. Chora matokeo kwenye mstari wa namba. Swali la kuuliza ni je, majibu ya wazoefu yamekaribiana kuliko ya wanafunzi? Na wastani wao umeangukia wapi ukilinganisha na kikombe B? Hapo darasa linapima usahihi na uthabiti wa kipimo ambacho hakina betri.

Sekondari wataongeza iodini. Tincha ya dukani ipunguzwe makali, sehemu 1 kwa maji sehemu 10, itiwe tone kwenye tone la uji juu ya sahani nyeupe. Wanga hutoa rangi ya bluu nzito. Mambo mawili huwachanganya. Kwanza, tone la uji wa moto halionyeshi rangi vizuri hata wanga ukiwa tele, kwa sababu muungano wa wanga na iodini huachana kwenye joto, acha lipoe. Pili, uji hulegea mapema sana, wakati iodini bado inaonyesha bluu. Mwanafunzi ataandika kwamba kimea hakikufanya kazi. Mweleze kwa kamba: kamba ndefu zilizosukana, ukizikata sehemu chache tu fundo lote linalegea, ingawa vipande bado ni virefu. Mnato unajali urefu wa kamba, iodini inataka vipande vifupi sana ndipo iache kung'ang'ania. Rangi itaelekea zambarau, kisha kahawia, na vitone vya bluu vitabaki kwa sababu kimea chenyewe kina wanga mbichi. Chuja kwa kitambaa kabla ya kupima.

Kulegea huku ndiko kulikowavutia wataalamu wa lishe nchini miaka ya 1980 walipokihimiza kimea katika uji wa watoto. Mtoto mdogo ana tumbo dogo. Uji mwepesi anaoweza kuumeza una maji mengi na unga kidogo. Ukiongeza unga unakuwa mzito hawezi kuumeza. Kimea hukuruhusu kuzidisha unga huku uji ukibaki wa kunyweka. Bibi angekwambia mtoto "anashiba" kwa togwa. Mpe mwanafunzi mizani na kikombe akokotoe gramu za unga katika kila mililita 100, aone kushiba huko kwa namba.

Sehemu ya pili ya togwa ni kuchacha, na hapa wapishi hawakubaliani. Wengine hutia kimea na kianzio, yaani togwa ya jana, kwa pamoja uji ukiwa vuguvugu. Wengine husimama mara mbili: kimea kwenye joto la kwanza, kianzio baadaye uji ukiwa umepoa hadi nyuzi 35 hivi. Wengine hawatii kianzio kabisa, wanaiachia kazi bakteria walioko kwenye kimea kibichi. Mwalimu akikuta wazee wanabishana asitafute nani mkweli. Ameletewa jaribio bure: badilisha kitu kimoja, vingine viache.

Kianzio ni mililita 20 kwa kikombe cha 200. Kikitiwa uji ukiwa juu ya nyuzi 45 au 50 bakteria wengi hufa au hudhoofika na togwa hulala tamu hadi kesho yake. Kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30 uchachu huwa mzuri ndani ya saa 12 hadi 24. Tatizo la Njombe na Mufindi ni usiku. Chukua ndoo ya lita 20, jaza maranda ya mashine za mbao, hayakosekani Mafinga, chimbia ndani chombo cha togwa kilichofunikwa, na chupa mbili za maji ya moto pembeni. Kyela hawahitaji hayo, wao wahangaike na kuiwahi isipitilize.

Uchachu upimwe kwa kabichi ya zambarau. Robo ya kabichi, ikatwe ndogo, ichemshwe katika nusu lita ya maji kwa dakika 10, ichujwe. Kwanza tengeneza kipimo cha rangi kwa kutumia limau, siki, maji ya mvua, magadi na maji ya majivu: utapata nyekundu, waridi, zambarau, bluu hadi kijani. Halafu tia mililita 10 za maji ya kabichi kwenye 20 za togwa, saa ya 0, ya 6, ya 12 na ya 24. Uji huanza karibu na pH 6 (kadiri namba ya pH inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi) na togwa nzuri hushuka chini ya 4. Weupe wa uji utapausha rangi, kwa hiyo linganisha na uji uliotiwa kiasi kilekile cha limau, usilinganishe na maji matupu. Maji ya kabichi hayadumu, siku mbili tatu yananuka.

Kidato cha tatu wanaweza kufanya taitresheni, yaani kupima asidi kwa kuidondoshea besi. Chuja togwa, chukua mililita 10, ongeza maji safi 20 na matone mawili ya fenolifthaleni, kisha dondosha sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M mpaka waridi hafifu lidumu nusu dakika. Kila mililita 1 ya besi hiyo ni sawa na gramu 0.009 za asidi ya laktiki. Ukitumia 5, una gramu 0.045 ndani ya mililita 10, yaani asilimia 0.45. Besi iliyokaa kabatini bila kufunikwa vizuri hunyonya kabonidayoksaidi na kudhoofika, na darasa hupata uchachu mkubwa usiokuwepo. Ipime upya kabla ya kazi.

Weka pia kikombe cha uji mtupu, usio na kimea wala kianzio, ndani ya mazingira yaleyale. Mara nyingi kitanuka na kuteleza badala ya kuchachuka. Lugha yetu ina maneno mawili hapo, kuchacha na kuoza, na pua inayatenganisha kabla ya kifaa chochote. Watafiti wa Tanzania waliochunguza uji uliochachushwa miaka ya 1990 waliona asidi hiyo huwazuia bakteria wengi wa kuharisha. Isichukuliwe kuwa dawa ya maji machafu: uji uchemke sawasawa na vyombo viwe safi kwanza. Vikombe vya majaribio havinywewi, vya iodini vinamwagwa shimoni. Anayetaka kuionja aipike ya kwake jikoni, na akumbuke kwamba ikikaa siku kadhaa hamira za porini huanza kutengeneza kilevi.

Kwa sababu hiyohiyo ulanzi, pombe ya mwanzi, usiingie shuleni, ingawa kwa kemia unaizidi togwa. Maneno yake yaingie. Utomvu wa mwanzi uliotoka kugemwa, bado mtamu, wanauita mtogwa. Uliokolea ukawa mkali ni mkangafu. Hizo ni hatua za uchachushaji zilizopewa majina na watu wenye ulimi tu, na mwanafunzi anaweza kuzichora kwenye grafu ya sukari inayoshuka na kilevi kinachopanda bila mbeta hata moja, chombo cha kugemea ulanzi, kuvuka geti.

Majivu kwenye maharage ni jaribio la muhula mzima, kwa hiyo lianze mapema. Dai la nyumbani: tia majivu, fukusi hawatashambulia. Chukua vyombo 12 vya kioo au plastiki, kila kimoja maharage gramu 200, vitatu vitatu kwa majivu asilimia 0, 2, 5 na 20 ya uzito. Majivu yachekechwe kwa chujio la chai, yawe makavu kabisa na yamepoa. Tia fukusi wazima 10 kwa kila chombo, funika kwa kitambaa na mpira. Baada ya wiki 8, au 12 sehemu za baridi, chukua mbegu 100 bila kuchagua, hesabu zenye matundu.

Kinachoharibu kazi hii ni kwamba maharage huja na mayai au viwavi tangu shambani, na majivu hayamfikii kiwavi aliye ndani ya mbegu. Kwa hiyo maharage yote yakae kwanza kwenye friza siku 4 au 5, halafu yaachwe yarudi joto la kawaida bila kufunguliwa mfuko, yasilowe. Asiye na friza aandike wazi kwamba mbegu zake hazikusafishwa, asome matokeo kwa tahadhari. Majivu si sumu kwa maana ya kawaida. Chembe zake hukwaruza nta ya ngozi ya mdudu akapoteza maji, na zikiwa nyingi huziba nafasi kati ya mbegu asiweze kutembea, kupandana wala kutaga. Kutokana na hilo darasa linaweza kutabiri mapema: kijiko kimoja kwa debe, kama wengine wanavyofanya, kitasaidia kidogo au hakitasaidia, na majivu yaliyopata unyevu yatashindwa. Wazee wanaosema "majivu yajae mpaka maharage yasionekane" walikuwa wakieleza kanuni ya nafasi.

Na dai la jadi lina mipaka yake. Njia za moshi na majivu zilizolinda mahindi ghalani zilijengwa kwa wadudu waliokuwepo. Dumuzi aliingia kutoka Amerika, akaripotiwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wakamwita Scania, na maghala yaliyotegemewa miaka yote yakawa unga. Wazee hawakuwa wamekosea. Mdudu alikuwa mgeni. Mwanafunzi anayejua hili ataacha kuuliza kama mila "ni kweli" na ataanza kuuliza ni kweli dhidi ya nini.

Utupa, mmea unaotumiwa kuulia wadudu, unahitaji ukali zaidi. Majani yake yana rotenoni, inaua wadudu na inaua samaki. Majirani wawili hubishana, mmoja anasema unafanya kazi kwenye maharage na mwingine anasema ni majani tu, na wote wanaweza kuwa sahihi: mimea inayofanana kwa sura imegundulika kuwa ya aina mbili kikemia, moja haina rotenoni. Tena dawa hiyo haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu, ndiyo sababu anayetia sabuni kidogo hupata matokeo bora kuliko asiyetia. Shuleni fundisha hoja hizi kwenye karatasi. Ukiamua kufanya kwa vitendo iwe kwa kidato cha juu, glovu, barakoa, mbali na kisima na bwawa. Kuvua kwa utupa ni kosa kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na hilo lisemwe kabla mtoto hajapata wazo.

Dawa za kutibu watu ziache kabisa. Maarifa yale yana wenyewe, kosa lake ni uhai wa mtu, na mwalimu hana ruhusa ya mganga wala ya daktari.

Wanaotaka kitu kisicho cha jikoni wana ngoro, kilimo cha mashimo na matuta cha Wamatengo wa Mbinga: sinia mbili zenye udongo wa uzito mmoja, zimeinamishwa nyuzi 20, moja ina mashimo na matuta, nyingine tambarare, lita 2 za maji kwa kopo lenye matundu, kusanya yanayotoka, acha tope litulie, kausha, pima. Au tanuri ndefu za kuyeyushia chuma za Wafipa, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto. Chukua jiko la mkaa na mabomba ya bati ya sentimita 30, 60 na 90, weka moja moja juu ya mdomo wake, shikilia uzi mbele ya mlango wa hewa uone unavyovutwa ndani kadiri bomba linavyorefuka. Nje tu, si darasani, kwa ajili ya moshi wa mkaa.

Bibi au mama anayekuja shuleni alipwe nauli na muda wake kama anavyolipwa mtaalamu mwingine, aambiwe kabla ni nini kitapimwa, na matokeo arudishiwe, hasa yasipomuunga mkono. Mara nyingi ndipo anapotaja sharti alilosahau kusema mara ya kwanza.

Kwa ratiba ya kawaida, Iringa mjini, ulezi uloweke Alhamisi jioni, uchujwe Ijumaa jioni, uote hadi Jumatatu, uanikwe Jumanne hadi Alhamisi, usagwe Ijumaa. Uji upikwe Jumatatu inayofuata kipindi cha kwanza, saa 2 asubuhi, ili rangi ya saa ya 6 isomwe mchana kabla watoto hawajaondoka. Ya saa ya 12 asome mlinzi wa usiku, ukimwachia kipimo cha rangi na tochi.